Kichwa cha Ukurasa

Wiki nzima nilijenga tovuti ya baba,
Nugzar, fundi saa wa Kutaisi,
kibanda chake hatua chache kutoka mto Rioni,
chembamba hata akiingia mteja mmoja
wa pili hungoja nje na mwavuli wake.

Nikamtumia kiungo shangazi Lamara,
aliyeko Thesaloniki akilea bibi wa watu.
Akanijibu: "Mmefungua benki?"
Maana kilichomfikia kwenye simu
ni nembo ya kadi ya malipo,
na chini yake neno moja: Mwanzo.
Si saa, si baba.
Mwanzo wa nini?

Baba akacheka, lenzi bado jichoni.
"Chema chajiuza," akasema.
Chema hakina miguu, baba.
Chema kimelala drooni,
kimeviringishwa kitambaa cha flana.

Usiku huo nikajua kwamba ukurasa nao
una kichwa na mwili.
Mwili watu wanauona.
Kichwa hakionekani; humo mnakaa maneno
ya kusomwa na mjumbe asiye na macho
anayewatangulia watu,
akibisha hodi kila mlango na maswali yaleyale:
Waitwaje? Wafanya nini? Sura yako iko wapi?
Ukikaa kimya haondoki mikono mitupu.
Huokota chochote kilicho karibu na kizingiti
akaenda kukutangaza nacho.

Basi nikamjibu, lebo baada ya lebo.

Jina: Nugzar, fundi saa.
Nilifuta "Karibuni kwenye tovuti rasmi ya".

Maelezo niliyaandika marefu, ya kujisifu,
yakakatwa katikati ya pumzi:
"Tunatengeneza saa za ukutani, za mkononi na za"
na za nini? akauliza shangazi.
Baba akanisogeza na kiwiko.
"Andika: Iliyosimama, nitaiamsha."
Nikaandika. Ikatosha, ikabaki na nafasi.

Picha ndiyo iliyonitoa jasho.
Upana elfu moja na mia mbili,
urefu mia sita na thelathini,
na ile niliyoipenda ilikuwa ndefu kama mlango;
mtandao ukampunguza, akabaki kidevu na mikono.
Ndani ya kichwa nimeweka mtu asiye na kichwa!
Nikampiga nyingine, kwa upana,
ameinamia saa iliyofunuliwa kiganjani
kama anayemtoa mtoto mwiba.

Nikatuma tena.
Safari hii alitokea baba.

Shangazi akampa jirani, jirani akampa mpwa,
na mwezi haujaisha akaja mwanamke kutoka Samtredia
na saa ya ndege iliyopoteza ndege,
simu mkono wa pili.
Akaitazama picha, akamtazama mzee,
akaitazama picha.
"Ni wewe," akasema,
kama ambaye alikuwa na shaka.

Baba alifariki Februari.
Kibanda sasa kinauza vifuniko vya simu.
Nilifungua kile kichwa, nikabadilisha:
Huduma imefungwa. Asanteni.
Picha nikaitoa.
Lakini mjumbe hapiti kila siku;
aliyoyaona mwaka jana ameyaweka akiba,
na kila anayetuma kiungo leo
humkuta baba palepale, lenzi jichoni,
akiahidi.

Kuna mahali pa kumwita mjumbe arudi.
Unaandika anwani, unabonyeza,
anakuja kuchungulia upya.
Anwani nimeiandika.
Imekaa hapo tangu Pasaka.

Jana simu ililia. Mtu wa Zestaponi,
sauti ya kijana, anauliza kama Jumamosi tupo;
ana saa ya marehemu babu yake.
Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, tayari mdomoni.
Nikamwuliza: imesimama saa ngapi?