Daftari la Pantaleo

Mstari wao umepanda kama ngazi ya mnara,
wetu umelala kama kamba ya kuanikia nguo.
Ofisi inataka kujua kwa nini.
Nikachukua fomu, nikashuka Keko
kwa Pantaleo Ngonyani, fundi majeneza.

Hakunipa kiti. Alinipa daftari.
Futi tatu. Futi tatu. Mbili na nusu. Sita.
"Hiyo ni miaka ya kawaida," akasema.
"Soma urefu, majina yaache.
Ugonjwa ule ulipenda futi sita zenye mvi.
Hapa zingetoka wapi?
Darasani kwetu Peramiho tulikuwa arobaini na mmoja.
Surua ilikula benchi la mbele,
kisha homa, kisha barabara, kisha uzazi,
kisha ile tuliyoiita kukonda.
Mwaka wa barakoa tulikuwa tumebaki watatu,
mmoja kiziwi.
Kifo hakikutusamehe, dada.
Kilishachukua arubuni."

Nikaandika: umri.
Nikafunika kalamu.

"Geuza ukurasa."

Februari. Sita. Sita. Tano na inchi tisa. Sita. Sita.
Wino umebadilika mara tatu,
namba zimebanana hadi pambizoni.
"Walisemaje, wateja?"
"Kifua. Presha. Mwingine, alichoka tu.
Mimi si daktari, nauza kwa futi.
Na hao ni waliopita kwangu.
Wa sanda hawanijui."

Nikakaa juu ya maranda, na sketi yangu ya ofisi.

Baba alizikwa Mburahati kabla ya alasiri,
kwa jeneza la msikiti, lile linalorudishwa,
kaka yangu akiwa bado Buguruni
anabembeleza mtungi wa hewa wa kukodi.
Cheti tulikifuata miezi saba baadaye,
benki ilipokidai.
Karani akauliza sababu.
Nikasema uzee.
Alikuwa na hamsini na nane.

Kwa hiyo ule mstari uliolala,
ninaoupaka rangi ya buluu kila robo mwaka,
baba hayumo.
Nami ndiye mchoraji.

"Umeandika nini?" Pantaleo akauliza.
Nikamwonyesha: neno moja,
na kijisanduku cha jibu, upana wa vidole viwili.
Akatoa penseli sikioni,
akakipima kwa jicho moja, kwa mazoea,
akatikisa kichwa:
"Humo hata mtoto haingii."