Vuli Isiyo na Mvua

Mama aliniuliza kwenye simu ninakwenda kupiga picha za nini.
Nikasema: za vuli, mlimani, Jabal Akhdar.
Akacheka. Vuli anayoijua yeye ni ya Wete,
ni tope linalovua watu viatu,
ni karafuu zilizoanikwa, zinaanuliwa mbiombio
kabla wingu halijavuka Mtambwe.
"Huko kwenu kuna mvua?"
Hakuna. Nilikosa neno jingine.

Alfajiri, Birkat al-Mawz, askari alimulika magurudumu yetu,
akauliza kama gari linavuta kwa yote manne,
akatuachia njia. Ghalib akatia gia ndogo.
Masikio yakaziba, yakazibuka, yakaziba tena,
na tuliposhuka Sayq
baridi ilitubana vidole kama kaa.

Nilifuata mikomamanga.
Mashamba ya ngazi, jiwe juu ya jiwe hadi ukingo wa genge,
yalikuwa yamegeuka,
na hapo lugha yangu ikaanza kunicheka.
Maana rangi zetu hazielei hewani, zina kwao:
manjano yametoka kinuni,
kahawia imetoka kwenye birika,
kijivu kimezolewa jikoni asubuhi,
na kijani, basi, ni jani lenyewe,
jina lake la utotoni.
Sasa jani likikiacha kijani
linabaki nani?

Sikujibu. Nilifuta ukungu kwenye lenzi kwa pindo la mtandio,
nikabofya.
Manjano juu ya ukuta wa mawe. Manjano ndani ya mfereji, yakielea.
Komamanga moja lililopasuka, ndege wamelisoma hadi nusu.

Kisha, ngazi ya chini kabisa, nikauona:
mti mmoja peke yake, mwekundu,
ule wekundu tunaouita damu ya mzee,
hakuna hata jani moja lililodondoka.
Nilipiga magoti. Nililala kifudifudi.
Nilipiga picha arubaini, na betri ikalalamika.

"Umeupenda?"
Mwenye shamba, Zahran, jembe begani,
rika langu, au mdogo kidogo.
"Huu umeipita yote," nikasema.
"Huu umekufa," akasema. "Kwa kiu. Tangu Agosti."

Mti ulio hai, akanieleza, huyaachia majani yake,
ni kazi, inataka nguvu.
Uliokufa huyashika.
Akakwaruza gome kwa ukucha: ukavu, unga wa mbao.
Akapanda ngazi moja, kwenye mti wa manjano, nusu uchi,
ambao kamera yangu iliupita bila salamu.
Akakwaruza. Chini ya gome,
wembamba kama uzi,
kijani.

Watu huja Aprili, alisema, kwa mawaridi.
Hakuna anayekuja Novemba. Lakini maadamu umekuja na mashine hiyo,
njoo.

Akanipeleka kwenye falaji.
Ufa ulianzia kwenye kona, ukashuka,
na maji ya ngazi tatu yakawa yanajiendea bondeni
bila kuaga.
Ameandika barua mbili. Ofisini wanataka picha.
Simu yake kioo kimevunjika, kila kitu hutoka na nyufa,
"watajuaje upi ni wangu?"

Nikatafuta pembe nzuri. Akanizuia:
isiwe nzuri. Ionekane.
Akavua kandambili ya mguu wa kulia
akailaza kando ya ufa, wajue ukubwa,
akasimama kwa mguu mmoja kwenye mawe ya baridi
mpaka nikamaliza.

Jioni nilimtumia Mama zote, majani na ufa,
bila maelezo.
Alikaa kimya muda mrefu.
Kuhusu rangi hakusema neno.
"Kandambili hii," akaandika,
"imevuliwa na tope?"

Hapana, Mama.
Ingekuwa heri.