Mgao

Wamemshusha Kondo Salumbo kwenye bajaji,
kiatu kimoja, mdomo umevutwa kushoto.
Ilianza saa ngapi? anauliza daktari.
Mkewe, Bi Sikudhani, anasokota pindo la kanga:
saa nane usiku alikohoa, akaniambia nishushe neti.
Alfajiri nikamwita. Akanitazama
kama mtu anayelitafuta jina langu mfukoni.

Saa nane hadi alfajiri.
Hapo katikati hakuna shahidi,
ndiyo maana nimekabidhiwa mimi,
mtu wa mashine, zamu ya usiku, chai imepoa.

Bwana Kondo, usitikise kichwa.
Utasikia joto, kama umejikojolea. Hujajikojolea.
Dawa inapanda mkononi, inapita shingoni,
nami naihesabu sekunde kwa sekunde
inavyoingia ubongoni, inavyochelewa, inavyotoka.

Kazi yake kufungua koki za mitaa,
Bi Sikudhani kanieleza akiwa mlangoni.
Jumatatu Tabata, Jumanne Segerea,
miaka ishirini na mbili, spana ileile begani.
Angekuwa na ulimi ningemwonesha kioo.
Angeelewa kuliko wanafunzi wangu:

hapa, upande wa kushoto, mkondo umenywea.
Bomba kubwa limezibwa na donge,
punje ya mtama tu.
Lakini mkondo kunywea si mtaa kukauka.
Tazama huku: linadondosha tone, tone,
ila matangi bado yana kitu,
watu wamekinga kwa vichochoro vya nyuma.
Mtaa huu una kiu, haujafa.
Na huu mdogo, wa ndani,
mkondo hakuna na matangi yanalia debe tupu.
Huo umekwenda.
Sisemi kwa sauti, mlango uko wazi.

Daktari Ndesario anainama begani kwangu.
Kilichokufa kidogo, kinachosubiri kikubwa, namwambia.
Anakimbia. Miaka minne sijamwona akikimbia.

Nyuma ya kioo, mkono wa Kondo, ule mzima,
unazungusha kitu hewani,
polepole, kwenda kushoto,
unakwama, unaanza tena.

Saa tatu asubuhi nimefika kwangu Kimara.
Ndoo sita mlangoni, zote midomo juu.
Nimefungua bomba. Likakoroma hewa,
likatema kutu, likanyamaza.
Nimeliacha wazi.