Usiku wa Kuamkia

Julai. Masasi bado giza.
Mashine za salfa zinakoroma mikoroshoni,
zinawahi umande kabla haujakauka,
na vumbi la njano linaingia hadi kwenye kibodi yangu,
linakaa juu ya herufi
kama poda shingoni mwa mtoto.

Nina maktaba ndogo ya msimbo, mistari mia sita na kitu.
Kazi yake ni moja: kuzifundisha kompyuta saa zetu,
kwamba jua likishatoka vizuri ni saa moja, si saa saba,
kwamba saba ni ya mchana, ya ugali na jua la utosi.
Nimeiacha huria. Anayetaka achukue,
anayeona tundu atie kiraka.
Shemeji yangu Nandonde huniuliza, "Sasa hapo unakula nini?"
Namwambia ninakula kwenye programu ya mizani ya ghala.
Hii ni mtungi wa maji barazani,
hauulizi nani kanywa.

Basi wiki iliyopita, usiku, simu ikaita. Somoe.
"Nipo chini ya jiwe," akasema. "Wewe upo siku gani?"
Nyuma ya sauti yake pimbi walikuwa wanapiga yowe.

Tulikubaliana kupanda Mtandi
Jumamosi, saa tisa usiku.
Aliyemwamsha ni programu yangu mwenyewe.
Mimi nilimaanisha Jumamosi tukishakula,
tukishalala kidogo.
Mashine ilimaanisha Jumamosi iliyozaliwa saa sita za usiku,
mbwa tu wakiwa macho kuipokea.
Na bibi yangu wa Newala angekaa upande wa mashine,
ila kwa hoja yake: siku, mjukuu wangu,
huingia jua la jana likizama.

Somoe hakununa. Alirudi nyumbani na tochi yake,
akaiandika kasoro mwenyewe, namba mia na kumi na tatu:
*Usiku hauna mwenyewe. Tafadhali rekebisha.*

Yared akajibu kutoka Bahir Dar.
Sijawahi kumwona. Najua tu kwamba huacha nafasi mbili baada ya nukta
na kwamba kwao pia saa huhesabiwa kwa jua.
Akaleta kiraka. Kizuri, kifupi,
kinakisia vizuri mara tisa kwa kumi.
Nimekikodolea macho usiku kucha.
Hiyo mara ya kumi
ni mtu na tochi chini ya jiwe.

Kulipokucha nikafunga kompyuta, tukapanda,
saa mbili, kweupe, saa isiyo na ubishi.
Raba zangu zimeisha meno.
Somoe mbele, haongei akipanda,
nyuma yake nyayo mbili za vumbi la njano juu ya jiwe la kijivu.
Katikati kuna ufa mwembamba kama mdomo wa bahasha.
Nikaingiza vidole, nikadhani nimeshika.
Goti likachubuka hadi leo linaniuma nikichuchumaa.
Jiwe halina *nilidhani*.
Ama umeshika, ama hujashika,
na kama hujui, simama, papasa tena.

Juu kulikuwa na upepo na nusu chupa ya maji.
Mji ulikuwa mabati, halafu mikorosho, mikorosho,
na mawe mengine yamejiinamia huko mbali.
Nikamwambia Somoe, "Isikisie."
Akasema, "Nani?"
"Programu. Iulize."

Jioni nimeandika mistari kumi na moja.
Ukiipa usiku na siku bila maelezo,
haikupi jibu. Inakurudishia swali
ambalo mama yeyote wa hapa angekuuliza akipepeta mchele:
*Usiku wa kuamkia lini?*

Umeme ukakatika, nikasukuma kazi kwa bando la simu.
Yared akaikubali, akatia alama ya kucheka.
Somoe akaifunga namba mia na kumi na tatu
kwa neno moja tu: *Afadhali.*

Kisha, kabla sijanawa mikono,
akafungua mia na kumi na nne:
*Alasiri inaishia wapi?*