Pai ya Nne

Ya kwanza ilikuwa Jumanne,
hina ya harusi ingali kuchani.
Chumba chetu Igogo, juu kabisa,
ngazi mia na kumi na mbili kati ya mawe
(nilizihesabu siku ile ulipobeba begi langu
badala ya kunibeba mimi),
na jiko la mkaa kibarazani
limeegemea jabali kubwa kuliko kanisa.

Pai nilikuwa nimeionja mara moja tu,
hotelini Capri Point nilikofua mashuka.
Mgeni aliibakiza nusu, nikaimaliza
nimesimama, nyuma ya mlango wa stoo,
na ganda lake likanivunjikia mdomoni
kama majani makavu ya mwezi wa nane.
Nikaapa: atakayenioa ataonja kitu hiki.

Oveni sikuwa nayo.
Nilikuwa na sufuria mbili, mchanga wa ziwani,
mfuniko usiokaa sawa, na kiburi.
Donge nikalisukuma kwa chupa ya soda,
embe nikazikata, sukari nikamimina kwa jicho,
nikapalia makaa juu, nikachochea chini,
nikakaa kama mtu anayengoja majibu ya mtihani.

Juu ikawa mkaa. Chini ikawa uji.
Katikati, Lushinge, ulikuwa wewe
na kijiko chako, ukitafuta pa kuingilia.
"Tamu," ukasema.
Ukanywa maji vikombe vitatu.

Ya pili, nanasi la Ukerewe.
Nanasi lilitoa machozi kama mfiwa,
ganda likazama mzimamzima,
tukainywa.
"Supu nzuri," ukasema,
kisha ukajiuma ulimi.

Ya tatu ilikuwa ya sangara.
Hiyo sitaieleza.
Nitasema tu kwamba asubuhi yake,
nikianika shati lako la mwaloni juu ya mawe,
lile linalonuka dagaa hata likifuliwa mara mbili,
nilikikuta kipande chako kwenye mwanya,
kimefunikwa jani la mgomba
kwa heshima zote, kama marehemu.
Pimbi wawili walikuwa wameketi kando.
Wanakitazama. Hawakigusi.

Hata pimbi, Lushinge!
Wanaotafuna magome.

Jioni nikasonga ugali
mgumu wa kumpigia mtu,
nikautua mbele yako bila neno.
Chini kule taa za dagaa zikaanza kuwaka
moja moja, ziwani, kama mji usiotuhusu.
Ukala. Ukanawa. Ukakohoa.
"Mama," ukasema, "mwaka wake wa kwanza
aliunguza maji."
Sikucheka.
Baadaye nilicheka, kidogo, kwa pua,
nimekugeuzia mgongo usione.

Ijumaa basi la Magu likaleta kiroba:
michembe, na karanga zilizofungwa kwenye khanga kuukuu.
Mama yako hakutuma salamu ndefu.
"Mwambie achemshe kwanza," basi.
Nikachemsha. Nikatwanga karanga.
Chumvi kidogo, sukari kidogo kuliko hasira yangu.
Donge nikalikanda kwa maji ya mtungini, ya baridi,
na makaa, safari hii, mengi juu,
chini matatu tu, nayo yakisinzia.

Haikufanana na ile ya hotelini.
Ilipasuka upande mmoja kama kisigino,
na kitako chake kiling'ang'ania sufuria.
Ulikata kipande, ukanyamaza.
Ukakata kingine.
Nilikuangalia mkono: haukwenda kwenye maji.
Ulikwangua sufuria kwa ukucha,
na mimi nikajifanya natafuta kibiriti.

Kesho yake niliamka kabla yako,
nikaenda nyuma ya mawe kukagua.
Mwanya mtupu. Jani la mgomba limekauka.
Na pimbi wale wale wawili, wima,
wananikodolea macho
kama watu wanaonidai.