Ishirini

Tulidungwa siku moja, Chitanda na mimi,
bega la kushoto sote wawili,
darasa la nne, shule ya msingi, Kitangari.
Chupa ile ile, nesi yule yule.
Yeye alikunja uso, mimi nikacheka.
Miezi sita baadaye wakaja na sanduku la barafu,
wakatutoa damu, kijiko kwa kijiko.

Leo Fadhila wa maabara amerudi na karatasi.
Mimi: mia sita na arobaini.
Chitanda: ishirini.

"Ishirini ya nini?" akauliza,
kama mtu aliyepunjwa mizani ghalani,
korosho zake zikaitwa daraja la pili.

Fadhila akaomba kikombe cha maji.
Huku juu Newala maji hayaombwi ovyo, dumu ni pesa.
Nikamletea.
Akamiminia humo chai ya rangi kidogo.
"Damu yako tunaizimua hivi, baba.
Mara mbili, mara nne, mara nane,
kila mara tunaingiza virusi, tunatazama:
kingamwili bado zinavizuia, au vimepita?
Ya mama tuliizimua mara mia sita na arobaini,
ikawa bado imesimama mlangoni.
Yako, mara ishirini. Basi."

Kuku akapita katikati yetu.

Miaka thelathini na moja chungu kimoja,
kisamvu kile kile, mbaazi zile zile,
ming'oko ya kiangazi tukimenya pamoja.
Nilidhani na damu nazo zimezoeana.
Kumbe mwili haufungi ndoa.

Umri? Sitini na nane. Mimi hamsini na mbili.
Sukari? Ipo, tangu mwaka tuliomzika mama yake.
Usingizi? Huamka mara nne kwenda uani.
Sigara? Akanitazama mimi; mimi nikatazama paa.
Vidonge?
Akavitoa mfukoni, vile vidogo vyeupe vya kifua,
anavyonunua kwa Mkwanda bila cheti
tangu vumbi la salfa limkalie mapafuni.
Hapo kalamu ya Fadhila ikasimama.
"Hivi hutuliza kifua, baba. Hutuliza na askari.
Ila usiviache ghafla. Njoo kwanza kwa daktari."

"Na wewe, mama?"

Mimi niliugua ule ugonjwa kabla ya sindano.
Wiki mbili sikusikia harufu ya moshi jikoni kwangu.
Sikumwambia mtu. Nilipalilia na homa yangu.
"Ndiyo maana," akasema.
"Sindano ilikuta mwili umeshasoma."
Basi mia sita yangu si uhodari.

Chitanda akageuka polepole:
"Uliugua, ukalala pembeni yangu?"

Swali hilo halikuwa kwenye karatasi.

Fadhila alipowasha pikipiki na kuondoka
kikombe kilibaki mkekani.
Nilinyoosha mkono nikimwagie mche wa mpapai.
Chitanda akaniwahi. Akanywa yote,
akalamba mdomo, akafikiri.
"Chai imo," akasema. "Kidogo.
Lakini imo."