Neno la Mlangoni

Gesche Fokken anafunga mkate mweusi kwa karatasi,
anarudisha chenji, senti saba,
na kengele ya mlango haijalia bado
keshalirusha: tschüss!
Herufi saba kwa silabi moja,
kama familia nzima kwenye kitanda kimoja.
Mteja analidaka, analirudisha,
baiskeli inaondoka kwenye manyunyu ya Leer.

Hinnerk, fundi saa mstaafu,
hununua kimkate kimoja
akakaa kama aliyenunua kumi.
Leo anasema: halikuwa fupi hivi.
Bibi yangu alisema atschüs,
waliomtangulia, adjüs,
na nyuma yao neno la wageni,
adieu, au adiós.
Lilishuka bandari gani, wasomi wanabishana.
Mimi sibishani. Maana yake ni kwa Mungu.
Nakuacha kwa Mungu.

Likasuguliwa kama sabuni ya bafu la wengi,
kila mkono ukachukua povu lake,
kikabaki kibandiko hiki chembamba
tunachokitelezesha juu ya kaunta.
(Nasi tukisema kwaheri,
nani huifungua aitazame heri?)

Gesche hacheki.
Anafuta kaunta iliyokwisha kufutwa.

Machi ya juzi, Tjark kwenye kitanda cha magurudumu,
soksi za hospitali, mguu mmoja nje ya shuka,
naye akamwambia tschüss,
kama mtu anayekwenda kuchukua gazeti.
Mlango ule hujifunga wenyewe.
Miaka miwili anaila ile silabi kavu:
sikumwambia kitu, Hinnerk.
Miaka thelathini na moja, halafu sikumwambia kitu.

Sasa anauliza, na kisu cha mkate kiko mkononi:
Asiyejua alichosema,
je, kimesemwa?

Mzee anakung'uta makombo kwenye koti.
Saa nayo, anasema, haijui ni saa ngapi.
Lakini huigonga.

Jibu hilo halimtoshi.
Kanisani haendi, wala hatakwenda Jumapili hii.
Ila anapoingia mtoto wa jirani
na sarafu zilizolowa kiganjani,
akachukua mkate wake akageuka,
Gesche analishika neno kidogo mdomoni,
kama yai linaloangaliwa kwenye mwanga,
ndipo analiachia.

Mtoto hana meno mawili ya mbele.
Anajibu: fyuuf.
Kengele inalia.